Waendesha Baiskeli wa Ridhaa Ambao Hatukusimuliwa

Nenda kantini sasa hivi, simama kwenye meza yoyote, utaje jina la Abebe Bikila. Hata yule ambaye hajawahi kukimbia isipokuwa kuwahi foleni ya usajili atakwambia: si yule Mhabeshi aliyekimbia pekupeku Roma mwaka 1960 akachukua dhahabu ya marathoni? Haya, sasa taja Geremew Denboba. Kimya. Atakayejitahidi sana atakuuliza kama ni mhadhiri mpya.

Denboba hakuwa mhadhiri. Alikuwa mwendesha baiskeli wa mbio za barabarani, wa ridhaa, aliyeiwakilisha Ethiopia kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, kisha Roma mwaka 1960, msafara uleule wa Bikila. Ukitafuta kumbukumbu za michezo hiyo utamkuta ameandikwa "Guremu Demboba", kwa sababu karani aliyeandika hakuona haja ya kumuuliza mwenye jina linatamkwaje. Hapo ndipo msingi wa makala yangu ulipo. Ninachotaka kusema ni kwamba mwendesha baiskeli wa ridhaa wa zama zile, wa upande wetu huu wa Afrika, hakukwamishwa na miguu. Alikwamishwa na milango iliyofungwa mbele yake, na akamalizwa na kalamu ambayo haikumwandika. Milango mingine imefunguliwa tangu wakati huo. Kalamu bado tunayo sisi, na bado tumeiweka mfukoni.

Tuanze na Melbourne kwenyewe. Mwaka 1956 ndio mwaka ambao Ethiopia ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ilipeleka wanaume 12, wa riadha na baiskeli tu. Wa baiskeli walikuwa wanne: Denboba, Negousse Mengistou, Mesfin Tesfai na Tsehaye Bahta. Ndani yao walikuwamo wana wa Eritrea, ambayo tangu mwaka 1952 ilikuwa imeunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho, kwa hiyo walipanda baiskeli chini ya bendera ya Addis Ababa. Mbio zilifanyika tarehe 7 Desemba, zaidi ya kilomita 187, waendeshaji zaidi ya 80.

Kilomita 187 ni ngapi? Kwa sisi wa huku kusini hesabu ni rahisi. Panda baiskeli hapa Mtwara mjini alfajiri, pita Mikindani, nenda mpaka Lindi mjini, geuza hapohapo bila kunywa chai, uanze kurudi. Utakapoishiwa kilomita 187 utakuwa bado hujafika nyumbani, umebakiza kama kilomita 30 hivi. Na usisahau kwamba kama ni msimu wa kusi, upepo uliokusukuma wakati wa kwenda utakungoja usoni wakati wa kurudi. Hiyo ndiyo kazi waliyofanya, kwa mwendo ambao bodaboda wa hapa stendi asingeudharau.

Aliyeshinda ni Mwitaliano, Ercole Baldini. Naye alikuwa wa ridhaa. Tena hakuwa mtu wa kubahatisha: Septemba ya mwaka huohuo, kwenye uwanja wa Vigorelli mjini Milan, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya saa moja, kilomita 46.394. Melbourne aliwaacha wenzake kwa karibu dakika mbili. Wafaransa na Waingereza wakapeleka malalamiko kwamba gari la wapiga filamu ya Olimpiki lilikuwa linamtangulia na kumkinga upepo. Malalamiko yakatupwa, Baldini akabaki na dhahabu yake.

Lile gari lifikirie vizuri. Siingii kwenye ugomvi wa kama kweli lilimkinga. Ninachokitazama mimi ni lilipokuwa. Kamera ilikuwa mbele, kwa mshindi. Nyuma kulikuwa na watu zaidi ya 80 wanaofanya kazi ileile kwenye barabara ileile, na hakuna aliyegeuza lenzi kuwatazama. Historia ya mchezo huu imeandikwa kutoka kwenye gari lile.

Sasa najua kuna mtu anasema, "Ndugu, aliyeshinda ndiye anayeandikwa. Denboba alimaliza ndani ya 30 bora, hakupata medali, unataka tumpigie vigelegele?" Swali zuri. Jibu lake lipo kwenye hesabu za siku ileile.

Melbourne kulikuwa na medali mbili kwa mbio moja: ya mtu binafsi na ya timu. Ya timu ilihesabiwa kwa kujumlisha nafasi za waendeshaji watatu bora wa kila nchi, na mwenye jumla ndogo anashinda. Ufaransa ilikuwa na mtu wa 2, wa 8 na wa 12: jumla 22. Uingereza ilikuwa na wa 3, wa 6 na wa 14: jumla 23. Ujerumani ikapata 27. Dhahabu na fedha zilitenganishwa na pointi moja, na pointi hiyo ilipatikana kwa mtu wa tatu wa timu, huko nyuma, ambaye hakuna aliyemshangilia. Italia yenye bingwa Baldini haikuambulia medali yoyote ya timu. Ethiopia, nchi iliyokuwa inaonja Olimpiki kwa mara ya kwanza, ilishika nafasi ya 9 kwa timu. Ili uishike nafasi hiyo unahitaji watu watatu wanaofika mwisho wakiwa karibu na wakubwa wa Ulaya. Mmoja tu akipasukiwa na tairi au akikata tamaa, hamna timu.

Mbio za baiskeli barabarani zinadanganya macho. Zinaonekana ni mchezo wa mtu mmoja na pumzi zake, kumbe ni mchezo wa ujima. Anayekaa mbele anakata upepo, wa nyuma yake wanaokoa nguvu, kisha wanapokezana. Ndiyo maana kumwandika wa kwanza peke yake ni kuandika nusu ya kilichotokea.

Na kama bado unaamini kwamba wa nyuma haandikwi, mkumbuke John Stephen Akhwari wetu. Mexico mwaka 1968, marathoni, alianguka akaumia, akamaliza wa mwisho kati ya wote waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Leo dunia nzima inamjua. Kwa nini? Kwa sababu usiku ule palikuwa na kamera iliyomsubiri. Aliyeshinda siku hiyo ni Mamo Wolde wa Ethiopia, na Mamo Wolde huyo alikuwamo kwenye kile kikosi cha watu 12 cha Melbourne. Mwaka 1956 alikimbia mita 800 na 1,500 na hakufika fainali. Miaka 12 baadaye akarudi na dhahabu ya marathoni. Mkimbiaji alipata muda wa kushindwa, kujifunza na kurudi. Mwendesha baiskeli aliyepanda naye ndege moja hakuupata.

Hapa ndipo tulijadili neno "ridhaa". Kiswahili kimetupa neno zuri kuliko tunavyolitumia. Ndondi za ridhaa, soka la ridhaa: maana yake mtu anacheza kwa kuridhia mwenyewe, halipwi. Linasikika kama sifa. Kanuni za Olimpiki za wakati ule zililichukulia hivyo hasa: anayelipwa hapandi jukwaa. Kwa mbio za baiskeli, mlango huo ulifunguliwa rasmi kwa wa kulipwa mwaka 1996 tu, kule Atlanta.

Lakini ridhaa ina mwenyewe. Unaweza kuridhia kufanya mazoezi saa nne kwa siku bila malipo kama kuna mtu mwingine anayekununulia unga. Nchi za kambi ya Kisovieti zililitatua jambo hilo kwa kuwaandikisha wanamichezo jeshini au kiwandani, wakapokea mshahara na bado wakaitwa wa ridhaa. Ulaya Magharibi ridhaa ilikuwa sebule: unakaa hapo kidogo huku unasubiri kuitwa ndani. Baldini aliitwa. Alipotoka Melbourne akaingia kwenye baiskeli ya kulipwa mwaka 1957, na mwaka 1958 akashinda mbio kuu za kuizunguka Italia pamoja na ubingwa wa dunia. Dhahabu ya Olimpiki kwake ilikuwa ukurasa wa kwanza.

Kwa Denboba na Mengistou, Olimpiki ndiyo ilikuwa dari. Baada ya Melbourne walirudi tena Roma mwaka 1960, na baada ya hapo hapakuwa na timu ya kulipwa ya Ulaya iliyokuwa inakuja Addis Ababa au Asmara kutafuta vipaji. Ukiandika CV yao kwa kufuata kumbukumbu za kimataifa inaisha kwa mistari miwili: Melbourne, Roma. Sisi tunaolalamika kwamba CV zetu ni fupi kwa sababu hatujapata sehemu ya kufanya mafunzo kwa vitendo, tuwafikirie hao.

Na kabla ya dari kulikuwa na ukuta. Baiskeli iliingia Eritrea pamoja na Waitaliano, na chini ya utawala wao mashindano yalikuwa ya Waitaliano peke yao. Mwafrika aliruhusiwa kuwa na baiskeli ya kwendea kazini, lakini kushindana na bwana haikuwezekana. Mwaka 1939 wakaamua kufanya mbio za pamoja kama majaribio. Mshindi akawa Ghebremariam Ghebru, Mweritrea. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na Waingereza wakiitawala nchi hiyo, mbio za kuizunguka Eritrea zikaanza. Kwa hiyo wale wanne wa Melbourne hawakuanguka kutoka mbinguni. Walitoka kwenye barabara zilizokuwa na watu wa mbio kwa miaka karibu 20, na mlima wa kuwapima: Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu, na bandari ya Massawa iko chini kabisa baharini.

Huku kwetu katika miaka hiyohiyo hali ilikuwaje? Mtwara ilikuwa mji mchanga. Bandari yake ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa mapema, na reli ya kwenda Nachingwea nayo ilifungwa mwaka 1962. Mradi ukaondoka, reli ikang'olewa, baiskeli ikabaki. Baiskeli ndiyo iliyobeba chumvi, ndiyo iliyobeba korosho, ndiyo iliyompeleka mjamzito zahanati. Nenda asubuhi sehemu yoyote inayoshusha samaki katika pwani hii, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, utawaona wachuuzi wanafunga matenga kwenye keria kwa mipira ya tairi, wanaingia barabarani kuelekea vijiji vya ndani kabla jua halijakuwa kali. Samaki wanaharibika, kwa hiyo mtu anakanyaga. Kuna vijana pale ambao kila siku wanafanya mbio za barabarani na mzigo mgongoni, bila namba kifuani na bila saa ya kuwapima.

Sisemi kila mchuuzi wa samaki ni Baldini. Nasema hatujui, kwa sababu hatujawahi kupima. Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, na kule Arusha, mbio za baiskeli zina mashabiki wake na watu wanafunga barabara kuzitazama. Sisi Kusini tuna barabara ya lami mpaka Lindi, tuna tambarare ya pwani, tuna miinuko ya Makonde kwenda Newala ambayo mtu wa milima angeitamani, lakini baiskeli tumeifanya alama ya umaskini. Msomi anaona aibu kuja nayo lekcha. Boom likitoka wiki ya kwanza ni bodaboda mpaka getini, wiki ya nne tunatembea kwa miguu tukisema tunafanya mazoezi. Wengi wetu tumepita UMISSETA tukicheza mpira, netiboli na kurusha tufe. Mimi sijakutana na mwenzangu hata mmoja hapa chuoni aliyepita kwa baiskeli.

Kuna hoja nyingine ninaiheshimu zaidi: kwamba baiskeli ya mbio ni ghali, na chuo kina shida kubwa kuliko hiyo. Mabweni hayatoshi, maji yanakatika, mtu anadisko kwa kukosa ada, halafu wewe unaleta habari za baiskeli. Ni kweli. Baiskeli moja ya mashindano ya kisasa inaweza kumaliza boom la watu kadhaa. Lakini tusome Eritrea ilifanyaje. Nchi ile si tajiri kutuzidi. Imepita vita vya miaka 30 na uhuru ikaupata kwa shida. Kilichowaokoa hakikuwa baiskeli ya bei mbaya. Kilikuwa desturi: mbio za mitaani ambazo watoto wanazitazama, wanawajua washindi kwa majina, kisha wanataka kuwa wao. Mwaka 2001 wakazifufua na zile mbio za kuizunguka nchi. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya mfalme wa milima kwenye Tour de France. Mwaka 2024 Biniam Girmay akashinda hatua tatu za mbio hizohizo na kuondoka na jezi ya kijani. Waandishi wa Ulaya waliandika kana kwamba wametokea ghafla. Nyuma yao kuna Girmay na Teklehaimanot wengine wa mwaka 1956 na 1939, ambao Asmara inawakumbuka hata kama Paris haiwajui.

Na Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika historia, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika. Yalifanyika Kigali, kwa majirani zetu hapo. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita zaidi ya 267 za kupanda na kushuka vilima, na waliomaliza ni 30 tu. Denboba alimaliza ndani ya 30 bora duniani mwaka 1956, akiwa na baiskeli ya chuma na nchi ambayo ndiyo kwanza inajifunza njia ya Olimpiki. Sasa unaelewa kwa nini ninakataa kuambiwa kwamba alikuwa mtu wa kawaida.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, na yote mawili yako ndani ya uwezo wa serikali ya wanafunzi bila kumsubiri mfadhili.

La kwanza ni mbio. Jumamosi moja kila muhula, Mtwara mjini mpaka Mikindani na kurudi, kama kilomita 20. Ziwe na makundi mawili: la baiskeli yoyote, na la baiskeli ya keria, ile ya mizigo. Wachuuzi wa samaki na mafundi baiskeli wa mitaani wakaribishwe kushindana nasi. Nina hakika watatufundisha adabu, na itatusaidia. Zawadi isiwe kubwa. Tairi mpya mbili na cheni kwa mchuuzi ni zawadi anayoitumia kesho yake. Dada zetu wawe na mbio zao siku hiyohiyo na zawadi ileile.

La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, ni daftari. Gazeti hili lichapishe matokeo yote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina matatu kamili, kijiji anakotoka, na muda aliotumia. Anayeandika amuulize mwenye jina linaandikwaje. Isiwe tunamwandika mtu wa Msimbati kama karani wa Melbourne alivyomwandika Denboba. Na wale wa shahada za historia na elimu wanaohangaika na mada za tafiti, wazee waliokuwa vijana miaka ya 1950 wanazidi kupungua kwenye vibaraza vya Mikindani na Mtwara. Kaeni nao, waulizeni nani alikuwa na baiskeli ya kwanza kijijini, nani alikuwa hashikiki barabarani, walikuwa wanashindana wapi na kwa zawadi gani. Huenda majibu yakawa madogo. Yaandikeni hivyohivyo madogo.

Mtu wa ridhaa hakulipwa wakati anacheza. Deni pekee tunaloweza kumlipa sasa ni kujua alikuwa nani. La Denboba na wenzake watatu nimejaribu kulipunguza hapa kwa kurasa chache. La watu wa pwani hii bado hatujaanza hata kuhesabu ni kiasi gani, na muhula huu tunazo Jumamosi za kutosha.